Urani ya Adhuhuri na Alasiri

Juzi binti mmoja alinipigia simu kunialika nikazungumze na vijana wanaosomea mambo ya nyuklia. Mada, alisema, ni uongozi na ajira katika sayansi hiyo, na mimi ningepewa dakika ishirini nieleze safari yangu. Nikamwambia, mwanangu, safari yangu ilianza Garissa nikiwa nimeshika tumbo, naharisha. Akacheka kwa adabu, halafu akauliza kama nina picha. Picha ya nini? Ya kuharisha?

Sikwenda. Nilikata simu kwa hasira, na mke wangu akanisema siku nzima. Lakini jambo likishaniingia kichwani halitoki bila kusemwa, basi nalisema hapa, na mwenye dakika ishirini zake asome haraka haraka.

Nilikuwa kijana wa bara, nimeajiriwa juzi juzi katika idara ya serikali ya kutafuta madini. Kazi yangu ilikuwa kubeba mashine ya kupimia mionzi. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cha chuma ndani ya mkoba wa ngozi, na waya ulioshika kijiti cha chuma mfano wa tochi. Ukikipeleka kijiti penye mionzi kidogo, mashine inasema tik, inapumzika, tik. Mionzi ikiwa mingi, inalia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Kisomo chote cha kazi hiyo kilikuwa hicho, na mimi nilikuwa na majivuno kana kwamba atomu nimeigundua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Shifta, yaani jambazi, ni jina la serikali kwa Wasomali waliotaka kujitenga. Wenyewe walijiita kwa jina lao na walikuwa na sababu zao, wala mimi sikuulizwa. Nilichojua ni kwamba gari halitoki Garissa bila lori la askari nyuma yake, kwamba njia ya Rhamu tulikatazwa kwa ajili ya mabomu yaliyotegwa, na kwamba mama yangu huko nyumbani alikuwa ameanza kuniombea kama anavyoombewa marehemu.

Mkuu wetu tulimwita Daktari. Si daktari wa sindano, wa mawe. Alikuwa Mwafrika wa kwanza katika idara yetu kuongoza msafara wa utafiti. Alirudi kutoka ng'ambo na shahada, kiko, saa ya mfukoni yenye mnyororo, na soksi ndefu za kufika magotini ambazo hakuzivua hata pale boneti ya Land Rover ilipokuwa inaweza kukaanga yai. Mzungu aliyemwachia kiti alimwambia, huku anatabasamu, kwamba yeye Mzungu hatakwenda mbali, huenda akahitajika tena. Maneno hayo yalimkaa Daktari kooni kama mwiba wa samaki. Aliitaka urani, madini tuliyotumwa kutafuta, kuliko chakula. Na mimi aliniahidi mbele ya watu: tukiipata, nafasi moja iliyopo ya kwenda kusomea atomiki ng'ambo ni yangu. Nami tangu hapo nikaitaka urani kuliko yeye.

Uongozi wake ulikuwa wa kelele. Siku ya kuondoka alitukusanya kando ya gari, akauinua ule mkoba wa ngozi juu kama padre anavyoinua kikombe, akasema, "Mkoba huu ni mali ya serikali. Ukiacha mbebaji, atakayeugusa hana kazi! Nimeapa!"

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama dereva.

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, Msomali, mzaliwa wa Ijara aliyehamia Garissa mjini. Mimi nilimwita Adeer, yaani ami, kama vijana wa kule wanavyowaita watu wa rika lake. Wakati ule Msomali anayeendesha gari la serikali alitazamwa vibaya na pande zote: serikali ilimshuku, na jamaa zake walimshuku kwa nini serikali haimshuku zaidi. Kwa hiyo Adeer alisema machache. Kitu kimoja tu alikionea fahari waziwazi, nacho ni saa yake ya mkono. Alipewa na ofisa wa jeshi aliyemwendesha zamani. Ilikuwa kubwa kama kifuniko cha birika, na namba zake ziling'aa gizani rangi ya kijani. Mimi saa sikuwa nayo. Kila nikisikia njaa nilimwuliza Daktari, "Saa ngapi sasa, Daktari?" naye kila mara alinijibu kwamba tumbo si idara ya serikali.

Tulipiga kambi kwenye kisima kimoja, mwendo wa saa mbili tatu kutoka mjini. Wafugaji walikuwa wamebaki na hicho tu. Visima vingine vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vita, na watu wengi walikuwa wamekwisha kusukumwa kwenye vijiji vyenye ulinzi, ambako mifugo ilikuwa inakula vumbi. Mkubwa wa pale kisimani alikuwa bibi mmoja mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia upande wa pili wa dunia. Wote walimwita Ayeeyo, ndiyo bibi, nasi tukafuata. Ayeeyo hakutupenda, na alisema hivyo kupitia kwa Adeer. Lakini mgeni ni mgeni. Kila asubuhi alituletea maziwa ya ngamia kwenye chombo kilichofukizwa moshi, akasimama mpaka tuyamalize. Mimi nilimaliza yangu kwa adabu siku ya kwanza, na siku ya pili nikaonwa na kila kichaka cha wilaya ile. Ayeeyo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akanipenda.

Tulipima asubuhi, hakuna kitu. Tik, kimya, tik. Daktari alitafuna kiko. Halafu jua lilipogeuka, adhuhuri, nikauchukua mkoba kutoka kwenye boneti nilipouweka, nikawasha mashine, na loo! Bisi! Zilipasuka mpaka askari wakalala chini wakidhani tumeshambuliwa. Nilikwenda kushoto mwa kisima, inalia. Kulia, inalia. Nilikwenda kwenye hema, inalia. Daktari alinikumbatia, mtu ambaye hajawahi hata kunishika mkono.

Tulipomaliza chai nikapima tena, kimya. Daktari akapauka. Ilipofika alasiri, bisi! Magharibi hatukupima, maana baada ya jua kushuka amri ilikuwa kila mtu akae ndani ya seng'enge. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata: urani ikaamka adhuhuri, ikalala, ikaamka alasiri, ikalala.

Mtu mwingine angejiuliza. Daktari alikuwa msomi, akapata nadharia. Alitueleza, huku anachora mchangani kwa kiko, kwamba ardhi inapumua. Jua likiipasha, gesi yenye mionzi inapanda kutoka kwenye urani iliyo chini ya kisima. Ardhi ikipoa, inashuka. Ilikuwa nadharia nzuri sana, na gesi ya namna hiyo ipo kweli, nimeipima maisha yangu yote. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupanda ndege.

Daktari akapeleka habari kwa bwana D.O., mkuu wa tarafa, mjini kwa redio ya askari, na jibu likarudi haraka kuliko tulivyotaka. D.O. alisema hiyo ni mali ya taifa, tena ya hatari, na katika vita vile haiwezi kuachwa wazi. Kisima kizungushiwe seng'enge, kiwekewe walinzi, na wafugaji wahamishiwe kijijini pamoja na mifugo yao. Yeye mwenyewe atakuja kesho asubuhi na lori la waya.

Adeer ndiye aliyepewa kazi ya kumfasiria Ayeeyo. Nilikuwa karibu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Adeer akanigeukia mimi.

"Ayeeyo inauliza, hii sumu kama iko ndani ya maji, mbona babu yake ilikunywa ikafika miaka mingi hifi?"

Bibi akasema maneno mengine, taratibu. Adeer akayafasiri akitazama chini: kule kijijini hakuna majani, ngamia wake hawatamaliza mwezi. Kisha bibi akaenda zake, na muda si muda akarudi na maziwa yetu, akasimama mpaka tunywe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alasiri hiyo betri za mashine zilianza kuchoka. Mashine ilikuwa inalia, nami nikaingiza mkono katika mfuko wa pembeni wa mkoba kutafuta betri za akiba. Mkono ukagusa kitu cha mviringo, baridi. Nikakitoa. Saa ya Adeer!

Nikaipeleka mbali, kimya. Nikaileta karibu, bisi. Mbali, kimya. Karibu, bisi. Zile namba zinazong'aa, jamani, zilipakwa radiamu, ndugu yake urani, na radiamu haichezi. Nilitazama kisimani. Adeer alikuwa ameinama, amekunja mikono ya shati, anatawadha. Daktari alikuwa hemani anapanga hotuba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kitakuwa kinang'aa.

Nilimngoja Adeer aswali, amalize, atoe salamu kulia na kushoto, ndipo nikamrukia. "Adeer! Umetuua! Kwa nini unaweka saa mle?"

Akaangalia nyuma kwanza. "Nikitawadha lazima nifue saa. Mfuko yangu iko na tundu. Ndani ya gari askari itachukua, mara moja ilishachukua. Lakini ile mkoba, wallahi, bwana mkubwa iliapa, hakuna mtu itagusa. Iko salama kama benki."

"Na wewe si umeugusa?"

"Mimi naiba kidogo tu," alisema Adeer. "Naweka, naswali, natoa."

Mnaona? Katika mkoa mzima wenye vita, mabomu na wezi wenye sare, mahali pa pekee salama palikuwa ndani ya mkoba uliopigwa marufuku. Kelele za Daktari zilikuwa zimejenga benki, na benki ikazaa urani.

Nikamwambia twende tukamwambie Daktari. Adeer akanishika kifua. "Kijana, fikiri. Msomali ilitia kitu ndani ya mashini ya serikali. Kwa siri. Wakati wa fita. Wewe utasema ni saa. Wao watasema nini?"

Hasira zikanitoka kama hewa kwenye gurudumu. Alisema kweli. Watu walikuwa wanafungwa kwa makubwa na madogo, na kwa madogo kuliko hilo. Tukakubaliana jambo jepesi: kesho saa haingii mkobani. Mashine itanyamaza, D.O. ataona hakuna kitu, waya utarudi. Nafasi yangu ya ng'ambo nayo itarudi na waya, nilijua. Niliuma meno.

D.O. akaja asubuhi, mtu wa bara kama mimi, kofia nyeupe, kitambi mbele, lori la waya nyuma. Ayeeyo na watu wake walikuwa wamesimama na mifugo yao nje kidogo. Daktari alitoa hotuba juu ya taifa changa na nguvu za atomu, kisha akaniashiria. Nikawasha. Tik. Kimya. Tik.

"Asubuhi ardhi haijapumua," alisema Daktari. "Tungoje adhuhuri."

Tukangoja. D.O. aliloa jasho mpaka kofia ikabadilika rangi. Adhuhuri ikafika, Adeer akatawadha na saa yake amening'iniza kwenye tawi la mgunga, mbali kabisa. Nikawasha. Tik. Kimya. Daktari aliipiga mashine makofi mawili kama mwalimu wa shule ya msingi. Tik.

Nilidhani tumeshinda. D.O. akajifuta uso, akasema, "Basi labda leo gesi imelala. Hakuna neno. Waya nimekwisha kuusainia, siwezi kuurudisha stoo vivi hivi. Tuzungushe kwanza, sayansi itafuata." Akapiga kofi, na askari wakaanza kushusha mizunguko ya waya.

Ayeeyo hakuhitaji mfasiri. Aliuona waya, akakaa chini mchangani penye njia ya lori, kimya, na wale ngamia wakasimama nyuma yake. Askari wakatazamana. Mmoja akamshika mkono kumwinua, na hapo Adeer akaacha kila kitu, akaanza kutembea kuelekea kwa D.O. Nikauona uso wake, nikajua anakwenda kusema. Mungu wangu! Nikakimbia nikampita.

"Bwana D.O.!" nilipiga kelele. "Urani ni saa! Ni saa yangu!"

Hata ngamia walitafuna polepole.

"Nilikuwa naiweka ndani ya mkoba," nilisema, "ninapofanya kazi, isiingie mchanga. Namba zake zina mionzi. Jana nimegundua." Nikamgeukia Adeer, ambaye alikuwa amekwisha kuivaa. "Adeer, nipe ile saa yangu niliyokuwekesha asubuhi."

Adeer alinitazama muda mrefu mno. Kisha akaivua, akanipa. Nikaisogeza kwenye kijiti, na mashine ikalia bisi za harusi nzima. Sikuthubutu kumtazama Daktari.

D.O. hakuamini. "Upuuzi gani huu? Saa inaweza kulia hivyo?" Akanyoosha mkono kuishika ile saa, na kabla hajaifikia nikaiweka mbali, lakini mashine iliendelea kulia. Ilikuwa inalia kwa sababu ya mkono wake. Naye alikuwa na saa inayong'aa, ya bei. Akarudisha mkono, kimya. Akaunyoosha, bisi. Akaurudisha. Akaunyoosha tena, kwa siri kidogo, kama mtoto anayegusa uji wa moto.

Ayeeyo, bado amekaa chini, akasema kitu kwa ile sauti yake ya kuitia ngamia. Wasomali wote wakaangua kicheko. D.O. akauliza amesema nini. Adeer akajaribu kumeza maneno, akaamrishwa ayatapike.

"Inasema, kama waya lazima itumike, wazungushe mkono ya bwana D.O."

Askari aliyekuwa amemshika bibi alicheka wa kwanza, akamwachia. Halafu wote. D.O. alisimama na mashavu yamejaa, nikasema hapa sasa ndipo tunafungwa, mara kitambi kikaanza kutikisika, na naye akacheka mpaka akashikilia lori. Waya ulirudi garini. Ngamia waliteremka kisimani wakanywa, na Ayeeyo akaniletea chombo kizima cha maziwa, peke yangu, na nikanywa chote nikijua kabisa kitakachonipata.

Daktari hakucheka. Alivunja kambi bila kelele hata moja, jambo lililotutisha kuliko kelele. Njiani aliketi mbele, kiko kimezimika mdomoni. Mimi nyuma, mkoba magotini, saa ya watu mkononi, tumbo linaunguruma. Niliaga ng'ambo kijiji kwa kijiji.

Tulikuwa tumekaribia kuliona jiji letu la Garissa, yaani zile nyumba zake chache, aliposema bila kugeuka, "Ile saa si yako."

Nikauficha mkono chini ya mkoba.

"Wewe huna saa. Tangu tutoke Nairobi unanisumbua, saa ngapi sasa Daktari, saa ngapi sasa Daktari. Ukienda huko ng'ambo kusoma, jifunze pia kusema uongo, maana huo wa leo ulikuwa wa aibu."

Nikienda? Adeer alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imekakamaa kama ya mtu anayengoja kofi.

Daktari akatoa saa yake ya mnyororo, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Kwa nini mwenye saa hakuniambia?" aliuliza, nami nikajua hasemi nami tena, wala na dereva, anajiuliza mwenyewe.

"Uliapa, Daktari," nilisema. "Atakayeugusa mkoba hana kazi."

Gari likaenda. Likaruka mashimo mawili matatu. Kisha Daktari akamgeukia Adeer, mara ya kwanza tangu safari ianze, akamwuliza kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo, "Alasiri imefika?"

"Imefika, bwana mkubwa."

"Simamisha gari basi, uswali."

Askari wa lori la nyuma wakapiga honi za hasira. Kusimama pale hakukuruhusiwa. Daktari akawapungia mkono wangoje. Nikaivua saa nikampa Adeer, naye akashuka na kibuyu cha maji, akasimama kando ya barabara akitazama huku na huku, hajui aiweke wapi.

"Lete," alisema Daktari, akatoa mkono dirishani. "Nitakushikia mimi."